Kinga dhidi ya Majeraha ya Risasi: Ngong, Kitengela na Kaunti ya Kajiado

Kinga dhidi ya majeraha ya risasi ni eneo la afya ya umma linalochunguza jinsi watu wanavyouawa na kujeruhiwa kwa bunduki, ili madhara hayo yazuiwe kabla hayajatokea. Msingi wake ni kwamba risasi haitokani na ubaya wa moyo wa mpigaji peke yake. Kabla bunduki haijalia, kuna silaha iliyonunuliwa, iliyokodishwa au iliyovuja kutoka ghalani. Kuna ugomvi, hofu, ulevi, dhiki au amri. Kuna njia isiyo na taa. Baada ya mlio kuna damu inayotoka, gari linalosubiriwa na hospitali inayofikiwa mapema au kwa kuchelewa. Kila hatua katika safari hiyo inaweza kukatizwa, na si lazima anayeikatiza awe askari.

Makala hii inaeleza mtazamo huo katika Kaunti ya Kajiado nchini Kenya, hasa miji ya Ngong na Kitengela. Ngong ina nafasi yake ya pekee katika historia ya suala hili, kwa kuwa ndiko serikali ya Kenya ilikoteketeza zaidi ya silaha haramu 10,000 katika hafla mbili, mwaka 2016 na mwaka 2021.

Mahali na watu

Kajiado inaanzia ukingoni mwa Nairobi na kushuka kusini hadi mpaka wa Tanzania, Namanga. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 1,117,840. Karibu wanne katika kila kumi kati yao waliishi katika miji mitatu inayopakana na jiji kuu au iliyo karibu nalo: Ongata Rongai (172,569), Kitengela (154,436) na Ngong (102,323). Kitengela imekua kando ya barabara ya Namanga, ikiwa jirani ya Mavoko katika Kaunti ya Machakos. Ngong iko chini ya vilima vinavyobeba jina hilo. Maelfu ya wakazi hulala huku na kufanya kazi Nairobi.

Hali hiyo ina maana kubwa kwa yeyote anayetaka kuelewa majeraha ya risasi. Bunduki inaweza kutoka kaunti moja, ikatumika katika ya pili, na majeruhi akafia katika ya tatu, kwa kawaida katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta iliyoko Nairobi. Kifo hicho kikiandikwa mahali kilipotokea, mtaa ambako risasi ilipigwa hauonekani popote kwenye hesabu.

Sura ya tatizo pia hutofautiana na ile ya kaskazini mwa nchi. Ufugaji wa Wamaasai wa Kajiado haukutumbukia katika mbio za bunduki za kivita kama ilivyotokea Turkana, Pokot Magharibi au Samburu. Risasi za Kajiado kwa sehemu kubwa ni risasi za mjini: ujambazi wa usiku, wizi wa magari, ugomvi wa kifamilia, silaha yenye leseni iliyokaa vibaya nyumbani, na risasi za polisi wakati wa msako au maandamano.

Silaha zilikotoka

Bunduki nyingi haramu za Afrika Mashariki ni mabaki ya serikali zilizoanguka. Utawala wa Idi Amin nchini Uganda ulipoporomoka mwaka 1979, kambi ya jeshi ya Moroto iliporwa na silaha zake zikaenea Karamoja hadi kwa majirani wa upande wa Kenya. Mwaka 1991 tawala za Siad Barre nchini Somalia na Mengistu Haile Mariam nchini Ethiopia zilianguka, na mkondo mwingine wa silaha ukafunguka. Vita vya muda mrefu vya Sudan viliongeza wingi huo.

Chanzo cha pili kiko ndani ya nchi. Kenya ina kiwanda chake cha risasi Eldoret, na mwaka 2021 ilizindua kiwanda cha bunduki Ruiru. Utafiti wa taasisi ya Small Arms Survey uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kuwa karibu nusu ya risasi zilizozunguka kiharamu Turkana Kaskazini zilitoka kwa polisi wenyewe. Zilikuwa zimetolewa kuwasaidia wenyeji kujilinda, kisha zikaingia sokoni. Funzo lake ni kwamba bunduki hudumu miaka mingi lakini risasi huisha, kwa hiyo anayedhibiti ghala la risasi ameshika koo la tatizo.

Kuhusu wingi, taasisi hiyo hiyo ilikadiria mwaka 2012 kwamba raia wa Kenya walikuwa na silaha haramu kati ya 530,000 na 680,000. Makadirio yake ya mwaka 2017 yaliweka silaha zote zilizo mikononi mwa raia, halali na haramu, kwenye 750,000.

Jinsi mtazamo ulivyoanza

Mwaka 1996 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulitangaza kwamba ukatili ni tatizo kuu la afya ya umma. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani (WHO) likatoa ripoti ya kwanza ya kidunia kuhusu ukatili na afya. Kabla ya hapo, daktari Mmarekani William Haddon alikuwa ameonyesha, akianzia na ajali za barabarani, kwamba jeraha lolote linaweza kuchambuliwa kwa nyakati tatu (kabla, wakati na baada ya tukio) na kwa pande tatu: mtu anayeumia, kitu kinachoumiza na mazingira.

Wakenya wameonja matunda ya fikra hiyo. Februari 2004 Waziri wa Uchukuzi John Michuki alianza kutekeleza kanuni zilizolazimisha matatu kufunga mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo. Hakusubiri kila dereva awe mwema kwanza. Alibadilisha gari na masharti ya kuliendesha. Kinga dhidi ya risasi hufuata hoja hiyo hiyo.

Afrika Mashariki ina mchango wake katika historia hii. Daktari Gary Slutkin alipambana na kifua kikuu na kipindupindu katika kambi za wakimbizi Somalia katika miaka ya 1980, kisha akafanya kazi na WHO dhidi ya UKIMWI, ikiwemo nchini Uganda. Aliporudi Chicago aliona kwamba mauaji ya bunduki yalienea mitaani kwa mpangilio uliofanana na wa maambukizi: tukio moja huzaa lingine kwa njia ya kisasi. Mwaka 2000 mpango wake ulianza katika mtaa wa West Garfield Park, ukiwatumia watu wanaoaminika na vijana wa mtaa kupatanisha ugomvi kabla haujafikia silaha. Njia ya kumtuma mtu wa jamii kwa jamii yake, aliyokuwa ameizoea katika kazi ya magonjwa Afrika, ndiyo aliyoipeleka Chicago.

Nchini Kenya, madaktari wa tawi la shirika la kimataifa la madaktari wanaopinga vita vya nyuklia (IPPNW) waliingia katika kazi hii baada ya mkutano wa Helsinki wa mwaka 2001 kuhusu silaha ndogo na majeraha. Mmoja wao, Walter Odhiambo, daktari wa upasuaji jijini Nairobi, alifuatilia gharama ya kumtibu mgonjwa mmoja aliyepigwa risasi usoni. Ilifikia takriban dola 6,000 za Marekani, fedha ambazo kwa hesabu yao zingetosha chanjo kamili za watoto 250. Mwaka 2007 utafiti kuhusu majeraha ya bunduki Nairobi ulichapishwa katika jarida la sera za afya ya umma, na kichwa chake kiliuliza ni nani anayelipa gharama hiyo.

Kuhesabu

Kazi ya afya ya umma huanza kwa hesabu. Orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 10, ina alama tofauti kwa kila aina ya jeraha la bunduki: W32 hadi W34 kwa ajali, X72 hadi X74 kwa kujiumiza, X93 hadi X95 kwa shambulio, na Y35.0 kwa risasi ya maafisa wa sheria. Karani wa hospitali akiandika alama sahihi, kaunti inaweza kujua tatizo lake liko wapi bila kutaja jina la mgonjwa yeyote. Kenya imekuwa na mfumo wa kitaifa wa taarifa za afya kwenye intaneti tangu 2011, kwa hiyo chombo kipo.

Kinachokosekana ni kuunganisha. Tukio moja huacha alama katika kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, katika rejista ya majeruhi ya hospitali, katika fomu ya P3 (fomu ya polisi ya uchunguzi wa kitabibu) na katika daftari la mochari. Kila ofisi husoma daftari lake. Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Wachunguzi wa Vifo mwaka 2017 ili kila kifo cha mashaka kichunguzwe na ofisi huru, lakini miaka mingi ilipita bila huduma hiyo kuanza kazi. Pengo hilo huumiza hasa familia za waliouawa na askari, kwa kuwa mtuhumiwa na mwandishi wa kumbukumbu huweza kutoka idara moja.

Moto wa Ngong

Tarehe 15 Novemba 2016 Naibu Rais wa wakati huo, William Ruto, aliwasha moto Ngong ulioteketeza silaha 5,250 zilizokamatwa au kusalimishwa kwa miaka kadhaa. Tarehe 9 Juni 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliongoza hafla kama hiyo katika kituo cha kikanda cha mafunzo ya trafiki, na silaha 5,144 zikateketezwa. Miaka iliyotangulia, mioto ya aina hiyo iliwahi kuwashwa Uhuru Gardens, Nairobi.

Hafla hizo zinatokana na ahadi za kikanda. Azimio la Nairobi la Machi 2000 na Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004, iliyoanza kutumika 2006, ziliyafunga mataifa ya Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika kuzitia alama silaha, kuweka kumbukumbu zake na kuziharibu zile haramu. Kituo cha kikanda cha kusimamia itifaki hiyo, RECSA, kina makao yake Nairobi.

Kwa mtazamo wa kinga, kuteketeza kuna faida mbili. Silaha iliyoungua hairudi sokoni kwa mlango wa nyuma wa ghala, na mwananchi aliyeisalimisha anashuhudia kwamba haikupewa mtu mwingine. Hata hivyo, silaha elfu tano zikilinganishwa na makadirio ya laki tano na zaidi ni chini ya moja katika kila mia. Moto peke yake hauwezi kuleta usalama ikiwa mwenye bunduki bado anaamini kwamba bila hiyo hana wa kumlinda. Karamoja, nchini Uganda, ilionyesha hivyo baada ya 2001: jamii zilizotangulia kusalimisha silaha zilivamiwa na majirani waliobaki nazo.

Leseni na nyumba

Umiliki halali unaongozwa na Sheria ya Silaha (Sura ya 114) na kusimamiwa na Bodi ya Leseni za Silaha. Desemba 2018 serikali iliamuru raia wote wenye leseni wapigwe msasa upya ndani ya siku 90, baada ya kubainika kwamba leseni bandia zilikuwa zikizunguka.

Leseni halali haiondoi hatari nyumbani. Bunduki iliyojaa risasi na kuwekwa chini ya mto ni hatari kwa mtoto, kwa mke au mume katika ugomvi, na kwa mwenyewe akizidiwa na huzuni. Majaribio ya kujiua kwa bunduki huishia kifo takriban mara tisa kati ya kumi, ilhali wengi wanaojaribu kwa njia nyingine huokoka na hawarudii. Kwa hiyo kuiondoa silaha karibu na mtu aliye katika msukosuko, hata kwa muda, kunaokoa maisha. Hili linawahusu sana askari, ambao hubeba bunduki kila siku na kukutana na vifo kazini. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Uamuzi huo uliondoa hofu moja kubwa iliyowazuia watu kuomba msaada.

Risasi za polisi

Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linaruhusu silaha itumike tu pale njia nyepesi zaidi zimeshindwa. Linawataka pia askari wampatie huduma ya matibabu mtu waliyemjeruhi na kuwaarifu jamaa zake. Vifo na majeraha mabaya lazima yaripotiwe kwa Mamlaka Huru ya Kuangazia Utendakazi wa Polisi (IPOA).

Maandamano ya kupinga serikali ya 2024 na 2025 yalipima masharti hayo, na miji ya Kajiado ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyochafuka. Juni 2024 mtoto aliuawa kwa risasi Ongata Rongai. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu (KNCHR) ilihesabu vifo 60 nchini vilivyohusishwa na maandamano ya mwaka huo. Tarehe 7 Julai 2025, siku ya Saba Saba, Kitengela ilikuwa katika vurugu, na zaidi ya watu 30 waliuawa nchini kote.

Siku mbili baadaye Rais Ruto alisema kwamba wanaochoma biashara za watu wapigwe risasi ya mguu. Kitabibu, hakuna risasi ya mguu isiyo na hatari. Mshipa mkubwa wa damu hupita kwenye paja, na ukikatwa mtu anaweza kufa kwa dakika chache. Risasi inayovunja mfupa wa paja huacha ulemavu hata akiokoka. Inayokosa mguu huendelea na safari, na mbele yake mara nyingi kuna mpita njia, mama muuzaji au mtoto aliye mlangoni. Kwa sababu hiyo kinga bora katika maandamano hufanyika kabla ya siku yenyewe: kuacha risasi za moto ghalani, kuwapa askari vifaa na mafunzo ya kutuliza umati, na kuandika nani alikabidhiwa bunduki ipi na risasi ngapi.

Baada ya mlio

Wengi wanaojeruhiwa kwa risasi hufa kwa kuvuja damu. Wanaoweza kuzuia hilo si madaktari kwanza, bali waliopo: jirani, mwenye duka, mwendesha bodaboda. Kugandamiza kidonda kwa nguvu kwa kitambaa safi bila kuachia, au kufunga mkanda wa kubana mshipa juu ya jeraha la mkono au mguu, ni ujuzi wa kufundishwa kwa saa chache. Tangu Septemba 2023 Kenya imekuwa na mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000, ambao wangeweza kufundishwa na kufundisha.

Katiba ya 2010, Ibara ya 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inakiadhibu kituo kinachokataa kuyatoa huku kikiweza, kwa faini isiyozidi shilingi milioni 3. Kwa hiyo majeruhi wa risasi anatibiwa kwanza, na karatasi za polisi hufuata. Mwenye jeraha akiogopa kwamba hospitali ni mtego, atajificha hadi achelewe, na jamii itapoteza pia ushahidi wa kilichotokea.

Hospitali ndogo za Ngong na Kitengela, pamoja na ile ya rufaa ya Kajiado, ndizo mlango wa kwanza kwa wengi. Mlango huo ni nafasi ya kinga pia. Kijana aliyelazwa huku ndugu zake wamejaa hasira kando ya kitanda yuko katika saa ambayo kisasi hupangwa. Mshauri nasaha na mzee anayeheshimika wakifika saa hiyo, risasi ya pili inaweza isipigwe.

Ushahidi kutoka kwingine

Rodrigo Guerrero, daktari na mtaalamu wa epidemiolojia, alipokuwa meya wa Cali nchini Colombia kuanzia 1992, alichunguza saa na siku za mauaji na kukuta yanajaa wikendi na siku za mishahara, pamoja na pombe. Kubeba bunduki kukapigwa marufuku siku hizo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba mauaji yalipungua kwa takriban asilimia 14 katika siku za marufuku. Nchini Afrika Kusini, sheria ya kudhibiti silaha ya mwaka 2000 ilikadiriwa na watafiti kuokoa maisha zaidi ya 4,500 katika majiji matano kati ya 2001 na 2005.

Mjadala

Wapo wanaosema kwamba uhalifu ni kazi ya polisi na mahakama, na kwamba kuuita suala la afya kunampunguzia muuaji lawama. Hoja hiyo ina uzito kwa aliyefiwa, ambaye haki yake haitoshelezwi na takwimu. Lakini mahakama hufika baada ya kaburi. Kumhukumu aliyepiga risasi na kuizuia risasi ijayo ni mambo mawili ya wajibu, na hakuna linalolifuta jingine.

Wengine husema kwamba kaunti haina mamlaka juu ya bunduki, kwa kuwa polisi na leseni ziko chini ya serikali ya kitaifa. Hilo ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti hospitali zake, huduma za ambulensi, taa za barabarani, leseni za baa na vyuo vya ufundi vya vijijini. Hayo ndiyo mambo yanayohusu hesabu ya majeruhi, dakika za kufika hospitalini, giza la njia, saa za ulevi na kijana asiye na kazi. Kajiado haihitaji ruhusa ya mtu kuanza kuandika alama ya kila jeraha la risasi linaloingia Kitengela na Ngong, kuchora ramani ya mahali na saa yalipotokea, na kupeleka taa, ambulensi na wapatanishi kulingana na ramani hiyo. Ikifanya hivyo mwaka mmoja, itakuwa na kitu cha kuiwekea serikali ya kitaifa mezani: idadi ya watu wake waliopigwa risasi, na ni nani aliyekuwa ameishika bunduki.